Mzee alijeruhiwa vitani: je, bado anaweza kudai nishani?

Katika familia nyingi za kaunti hii kuna hadithi ya kovu. Babu alipigwa risasi mguuni kule Bama, au kipande cha bomu kilimwingia begani Ethiopia, akarudi nyumbani akichechemea, akalima shamba lake na kulea watoto bila kudai kitu. Miaka ikapita. Sasa mjukuu anasoma kwenye simu kwamba mwanajeshi mkongwe wa Marekani mwenye zaidi ya miaka 90 amevishwa nishani kwa ajili ya jeraha alilolipata akiwa kijana. Kesho yake yuko kwa chifu na swali moja: na mzee wetu je?

Swali ni la haki, na jibu lake linategemea kwanza sare ambayo mzee alivaa. Kila jeshi lina kanuni zake. Lipo linalotoa nishani kwa ajili ya jeraha lenyewe, na lipo ambalo halijawahi kufanya hivyo. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, na yanaeleza ni karatasi gani zinazohitajika, kwa sababu maombi mengi ya aina hii hayaangushwi na kuchelewa. Huangushwa na kukosa ushahidi.

Waliotumikia KAR

Wakenya waliopigana Vita Vikuu vya Pili walikuwa chini ya Mfalme wa Uingereza. Wengi walikuwa katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 ambalo wazee huliita Keya. Inakadiriwa kuwa Wakenya karibu 98,000 waliingia jeshini katika vita hivyo. Walipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma, nchi inayoitwa Myanmar siku hizi. Huko, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw katika mvua kubwa za mwaka 1944, hadi ikafika mto Chindwin mwezi Desemba. Wengi hawakufika Asia kabisa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldives ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na watu 1,297 wakafa.

Familia za askari hawa zinapaswa kujua jambo moja kabla ya kuandika barua yoyote: Uingereza haina nishani ya jeraha. Haikuwa nayo wakati ule na haina sasa. Askari aliyejeruhiwa alikuwa na haki ya kushona utepe mfupi kwenye mkono wa kushoto wa koti la sare, basi. Utaratibu huo ulianza mwaka 1916 na ukarudishwa mwaka 1944. Kwa hiyo barua inayoomba "nishani ya jeraha la babu" kutoka London itajibiwa kwamba hakuna kitu cha namna hiyo, na familia itadhani mzee amedharauliwa wakati kumbe imeomba kitu kisichokuwapo.

Kitu kilichopo ni nishani za kushiriki vita. Hizi hazikutolewa kwa ushujaa wala kwa jeraha, zilitolewa kwa kuwapo mahali fulani katika kipindi fulani. Aliyefika Bama kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945 alistahili Nyota ya Bama. Waliopigana Ethiopia na Somalia walistahili Nyota ya Afrika. Kuna Nyota ya 1939–1945 kwa waliokuwa kwenye uwanja wa mapambano, na Medali ya Vita kwa aliyetumikia jeshi kwa siku 28 au zaidi. Askari mmoja wa Bama anaweza kuwa alistahili tatu au zaidi bila yeye mwenyewe kujua.

Na hapa ndipo jeraha linapopata uzito. Nyota ya 1939–1945 kwa kawaida ilihitaji miezi sita katika eneo la mapambano. Lakini askari ambaye utumishi wake ulikatizwa na jeraha au ulemavu aliopata kazini alihesabiwa kuwa amestahili hata kama hakutimiza miezi hiyo. Kwa mzee aliyepigwa risasi mwezi wa pili akarudishwa nyumbani kwa meli ya hospitali, kovu lile ndilo linaloziba pengo la miezi iliyokosekana. Anayeandika ombi aliseme waziwazi, na aseme tarehe.

Kuangalia kilichomo sandukuni

Kabla ya kuomba, familia itazame vizuri ilicho nacho. Nishani zenye jina la nyota zina pembe sita, na rangi yake ni ya shaba. Utepe wa Nyota ya Bama una mstari mpana mwekundu katikati na buluu iliyokoza pande zote mbili, na ndani ya kila buluu kuna mstari wa rangi ya chungwa. Utepe wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga, mstari mwekundu katikati, na mistari miwili myembamba, mmoja wa buluu nzito na mwingine wa buluu ya mbingu. Tepe huchakaa kabla ya chuma, kwa hiyo uzi uliobaki usitupwe.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba nishani za Uingereza za vita hivyo zilitolewa bila jina. Ukiigeuza hutaona jina la babu wala namba yake. Hivyo nishani iliyo sandukuni haiwezi peke yake kuthibitisha kwamba mzee fulani ndiye aliyepewa, na nishani inayouzwa sokoni haiwezi kumrudishia mtu heshima yake. Yapo mauzo ya namna hiyo, na wako wanunuzi wanaopita vijijini. Familia inayouza nishani pamoja na kitabu cha kuachishwa jeshi imeuza ushahidi wake wote kwa siku moja.

Wapo pia wazee ambao walipewa nishani kisha wakazitupa au kuzifukia. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952, kukutwa na nishani yenye picha ya Mfalme kungeweza kumletea mtu balaa kutoka kwa jirani zake. Jambo hilo lilisemwa hadharani mwezi Novemba 2023, Mfalme Charles alipozuru Kenya na kuwakabidhi wazee wachache wa KAR nishani za kuchukua nafasi ya zile walizopoteza, kwenye makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola jijini Nairobi. Mmoja wao alielezwa kuwa na miaka 117. Ni miaka 78 baada ya vita kuisha, na bado ilifanyika. Mtu asiambiwe basi kwamba muda umekwisha.

Nishani ambayo haijawahi kutolewa na ile iliyotolewa ikapotea ni maombi mawili tofauti. Ile ambayo haikutolewa inaweza kuombwa na askari mwenyewe au, ikiwa amefariki, na mrithi wake wa karibu, na haitozwi ada. Iliyopotea ina masharti magumu zaidi, na hasa hufikiriwa kwa mkongwe aliye hai. Kwa hiyo familia iseme ukweli. Kuandika "hakupewa" ilhali watoto wake wanakumbuka kuiona ni kujitegea mtego mwenyewe.

Vita Vikuu vya Kwanza havimo katika mlango huu. Uingereza haitoi tena nishani za vita hivyo, wala kwa wajukuu wa wapagazi wa Carrier Corps, wale ambao jina lao limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor. Majina mengi ya wapagazi hao hayakuandikwa popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba wafu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa nini Marekani ni tofauti

Nishani ambayo vijana wanaisoma kwenye simu inaitwa Purple Heart. Ina umbo la moyo wa rangi ya zambarau na picha ya George Washington, ambaye mwaka 1782 alianzisha beji iliyokuwa chanzo chake. Ilifufuliwa tarehe 22 Februari 1932, miaka 200 baada ya kuzaliwa kwake. Hutolewa kwa mwanajeshi wa Marekani aliyejeruhiwa au kuuawa na adui.

Hailengi askari wa KAR, na hakuna njia ya kuiombea babu aliyepigana Bama chini ya Mwingereza. Lakini inahusu familia kadhaa za Kenya kwa sababu nyingine. Wakenya wengi walioishi Marekani wamejiunga na jeshi la nchi hiyo. Kati ya mwaka 2009 na 2016 ulikuwapo mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi maalum, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa. Wengine walikwenda Iraq na Afghanistan. Wapo wanaorudi nyumbani wakiwa wastaafu, na wapo waliofariki wakaacha wazazi hapa wenye haki ya kuuliza.

Tofauti kubwa ni kwamba nishani za ushujaa hupendekezwa na mkubwa wa kikosi, ilhali Purple Heart haisubiri pendekezo la mtu. Aliyetimiza masharti anaistahili. Masharti yenyewe ni haya: jeraha liwe limesababishwa na adui, liwe la kiwango cha kuhitaji matibabu ya afisa wa afya wa jeshi, na matibabu hayo yawe kwenye kumbukumbu rasmi. Ajali ya gari isiyohusiana na mapigano haihesabiki. Maradhi hayahesabiki, wala baridi iliyokausha vidole vya miguu, wala msongo wa akili unaowapata wengi baada ya vita, hata kama ni mzito kiasi gani. Risasi iliyopigwa kwa makosa na mwenzako katikati ya mapigano dhidi ya adui, hiyo huhesabiwa.

Maombi mengi yaliyochelewa siku hizi ni ya mtikisiko wa ubongo. Bomu la kutegwa barabarani linalipuka, askari hatoki damu, anasikia masikio yakilia, anapewa dawa ya kichwa na kurudi zamu. Hakuna aliyeandika kitu. Miaka 10 baadaye hawezi kulala wala kukumbuka majina ya watoto wa dada yake. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilifafanua kanuni zake mwaka 2011 ili majeraha hayo yafikiriwe. Hata kosa la hivi karibuni lilirekebishwa kwa kuchelewa: baada ya makombora ya Iran kupiga kambi ya Al Asad nchini Iraq tarehe 8 Januari 2020, wanajeshi 29 walipewa Purple Heart kwanza, kisha wengine 39 wakakubaliwa mwishoni mwa mwaka 2021.

Hakuna tarehe ya mwisho ya kuomba. Aliyekuwa jeshi la nchi kavu huandikia kitengo cha nishani cha kamandi ya wafanyakazi wa jeshi iliyoko Fort Knox, na matawi mengine yana afisi zake. Ombi huambatanishwa na hati ya kuachishwa jeshi, ile DD 214, pamoja na karatasi za hospitali za wakati ule. Kama karatasi za hospitali hazipo, maelezo ya kiapo ya wenzake walioona tukio kwa macho yao yanaweza kusaidia. Akikataliwa, anaweza kwenda kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi kwa fomu ya DD 149. Bodi hiyo ina kikomo cha miaka mitatu tangu kosa ligunduliwe, lakini inaruhusiwa kukiondoa haki ikitaka hivyo.

Nako huko karatasi hupotea. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika jengo la kumbukumbu za wanajeshi mjini St. Louis na kuteketeza kati ya mafaili milioni 16 na milioni 18. Wakongwe wa huko waliotumikia kabla ya mwaka 1960 wanahangaika na shida ileile ya mzee wa KAR: mwili unakumbuka, kabati halina kitu.

Kwa mstaafu wa Marekani nishani hii si pambo tu. Inampandisha daraja katika huduma ya afya ya wakongwe, na tangu Agosti 2018 aliyeipata kwa utumishi wa baada ya Septemba 2001 ana haki ya ufadhili kamili wa masomo. Mzazi mwenye kijana wa namna hiyo na amwambie aulize.

KDF na wapiganiaji uhuru

Mwanajeshi wa Kenya aliyejeruhiwa Somalia au kwingineko hana haja ya njia hizo za nje. Mambo yake, yakiwemo ya ulemavu na pensheni, yako chini ya Wizara ya Ulinzi, na chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, humsaidia anayekwama. DEFOCA pia ni mlango mzuri kwa wazee wa KAR walio hai, kwa sababu hushirikiana na shirika la Jumuiya ya Madola linalowahudumia wakongwe wa enzi ya ukoloni.

Aliyejeruhiwa msituni akipigania uhuru hakuwa kwenye jeshi la kutoa nishani. Kwake ipo Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014, iliyounda Baraza la Kitaifa la Mashujaa. Hilo ni suala la makala mengine. Ieleweke tu kwamba familia moja inaweza kuwa na mzee wa Bama na mzee wa msitu, pengine ndugu wa tumbo moja, na kila mmoja ana mlango wake.

Karatasi za kutafuta

Kitu cha kwanza ni namba ya jeshi, ambayo mara nyingi ilitanguliwa na herufi. Bila namba, jina pekee halitoshi, maana karani wa mwaka 1942 aliandika alivyosikia. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la jeshini, jina la ubatizo alilopata baadaye na jina la kitambulisho, na yote matatu yameandikwa tofauti. Tofauti hiyo huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ikitaja kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja.

Cha pili ni kitabu au cheti cha kuachishwa jeshi. Kikiwa kimeliwa na mchwa, vipande vyake vipigwe picha vilivyo, visibandikwe kwa gundi. Cha tatu ni chochote kinachotaja kikosi: picha ya zamani yenye sare, barua, bahasha yenye muhuri wa jeshi, karatasi ya malipo ya mwisho. Malipo hayo yalipangwa kwa rangi ya mtu, na wazee wengi wanayakumbuka kwa uchungu, lakini karatasi yake leo ni ushahidi. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi ina mafaili ya tawala za wilaya za wakati wa ukoloni, na mwenye subira anaweza kutafuta humo.

Kwa mzee aliyefariki, mrithi anahitaji cheti cha kifo na uthibitisho wa uhusiano. Hapa chifu au naibu wake huandika barua ya kuitambulisha familia. Watoto wakiwa wengi, wakubaliane kwa maandishi nani ataomba na nishani itakaa kwa nani. Ombi hupokewa kutoka kwa mtu mmoja, na ndugu wawili wakiandika kila mmoja kivyake, wote wawili watasubiri. Kwa nyumba zenye wake zaidi ya mmoja mazungumzo hayo yafanywe mapema, mbele ya wazee wa ukoo.

Jeraha lenyewe linaweza kuandikwa pia. Daktari anaweza kueleza mahali kovu lilipo na kama kuna chuma kilichobaki mwilini kwa kutumia eksirei. Hawezi kusema ni risasi ya nani, lakini maelezo yake pamoja na ya mzee mwenyewe yana nguvu kuliko hadithi iliyosimuliwa na mjukuu.

Afisi za kaunti haziwezi kutoa nishani, kuahidi nishani wala kufuatilia faili lililo London au Fort Knox. Hakuna afisa wa kaunti, chifu au wakala mwenye ruhusa ya kutoza pesa ili "kusukuma" ombi la namna hii. Anayeombwa pesa za kufungua faili, au anayetakiwa kuacha kitabu asili cha mzee kwa mtu, akatae na apige ripoti. Nakala ndizo zinazotumwa, na kitabu asili hubaki nyumbani.

Kijana aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1927. Kwa familia ambayo bado ina mzee wa umri huo, kazi ya kwanza haihitaji fomu wala safari ya mjini. Mmoja akae naye asubuhi akiwa hajachoka, awashe kinasa sauti cha simu, amuulize: namba yako ilikuwa ngapi, afande wako aliitwa nani, mlipanda meli gani, ulipigwa wapi, nani alikubeba, hospitali ilikuwa mji gani. Wazee wengi waliosahau jina la mjukuu bado wanaitaja namba yao ya jeshi bila kusita. Maelezo hayo yakiandikwa, mzee aweke sahihi au dole gumba mbele ya kamishna wa viapo, na nakala moja iwekwe mbali na nyumba, kwa mtoto aliye mjini au kanisani au msikitini, ili moto au mafuriko yasiichukue pamoja na ile nyingine.